Mwasumini Uliokuwa Dirishani kwa Raya

Wingwi, Jumatano, baada ya Adhuhuri

Mwanangu Kombo,

Umekwenda Konde kuwaaga wenzako na umesema utarudi kabla ya Magharibi. Kwa hiyo nina saa chache tu, na mwandiko wangu unaujua, ni wa polepole, wa mtu aliyeishia darasa la saba na tangu hapo hajaandika kitu ila majina ya watu wa kualikwa harusini. Univumilie. Ningeweza kuyasema kwa mdomo ningeyasema. Nimejaribu mara tatu wiki hii. Juzi ulipokuwa ukishona mkanda wa begi lako nilikuita, ukaitika, "Labeka mama," nikakwambia chai inapoa. Chai yenyewe nilikuwa sijaipika.

Sikuandikii mambo ya kula na kufua. Mjomba wako wa Tanga ana mke mwema, hutalala na njaa, na kufua unajua kunishinda mimi. Nakuandikia kwa sababu kesho alfajiri unapanda boti umebeba kitu kisicho chako, na aliyekutwika ni mimi. Nikikuacha uende nacho nitakuwa nimekupoteza, hata kama utarudi kila Idi na zawadi mkononi. Na nikikuambia, huenda nikakupoteza vilevile. Miezi minane sasa, tangu nduguyo Raya afariki, nimekaa hapo katikati, siendi mbele wala sirudi nyuma.

Niache kwanza nikumbuke zile siku za picha, maana nikianza na lile jingine kalamu itanikataa.

Raya aliporudi kutoka hospitali, na daktari ameshatueleza kwa upole habari ya figo zake, tulikihamishia kitanda chake dirishani, pale penye mwasumini aliouotesha baba yenu, Mungu amrehemu, mwaka aliozaliwa Raya. Wewe wakati ule ulikuwa unaandika vibao vya maduka. Ulikuwa unarudi jioni na rangi kwenye kope. Siku moja akakwambia, nami niko mlangoni napepeta mchele:

"Kombo, unawaandikia watu 'Hapa Panauzwa Mkaa,' mie nduguyo hujanichorea hata jani."

"Nikuchoree nini?"

"Maua. Lakini maua ya kweli, usinichoree yale ya kwenye khanga."

Ukatafuta kipande cha plaiwudi, ukakipiga msasa, ukakipaka nyeupe, ukakiacha kikauke juani siku mbili. Meza yangu ya kukatia mboga ikawa yako. Ukachukua chupa tupu ya jemu, ukaitia maji, ukaweka asumini, waridi moja la kwa jirani Bi Rehema, langilangi mbili na vijiti vya mrehani. Kifuniko cha ndoo ndicho ulichochanganyia rangi. Nyumba ikanuka tapentaini na asumini kwa pamoja, harufu ambayo siijui jina lake na ambayo sitaisahau.

Siku ya kwanza ulianza na waridi kwa kuwa ni kubwa. Ulipomaliza waridi, saa nne imeshapita, jua limeacha meza, na asumini zimesinyaa zimekuwa za kahawia. Raya akainua shingo akatazama. "Umenichorea wagonjwa wenzangu," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Wewe hukucheka. Ulikaa na brashi mdomoni kama mvuta sigara. Kesho yake ukaanza upya, na ukanieleza bila mimi kukuuliza: "Mama, linalokufa mapema ndilo la kuanza. Asumini kwanza, kisha langilangi, kisha waridi. Majani yanasubiri. Chupa haiendi popote."

Nimelifikiria sana neno hilo, Kombo. Mimi niliyapanga mambo yangu kinyume chake. Nilishughulika na chupa.

Jioni nilikuchumia matumba yaliyofunga, uyatie majini, yafunguke usiku, asubuhi uyakute. Kila asubuhi ulipanga maua mapya mahali palepale pa yale ya jana, na chini ya chupa ulizungusha chaki ili ujue ilipokaa. Nami siku moja, kwa kupenda usafi kwangu, nikaifuta meza pamoja na chaki. Ukaja ukasimama. "Mama, nani kaihamisha dunia?" Raya akasema, "Huyo mamako. Angalikuwepo siku ya kuumbwa angaliipangusa." Tulicheka sote watatu. Nakwambia kweli, hatukuwahi kucheka hivyo hata kabla ya maradhi.

Na ile nyeupe. Nilikuuliza kwa nini unahangaika, asumini si nyeupe, upake nyeupe yaishe? Ukanishika bega ukanisogeza mpaka kitandani, ukaliinua shuka la Raya nyuma ya ua. "Haya, tazama sasa." Nikaona. Weupe wa ua haukuwa weupe wa shuka. Pembeni lilikuwa na ukijani hafifu kama wa tikiti karibu na ganda, na tumba lilikuwa na uwekundu mdogo, kama ukucha wa mtoto mchanga. Miaka yote nimetunga vikuba, vile vishada vya maua ya maharusi, nimezishika asumini kwa maelfu, na sikuwa nimeliona hilo. Ulinipa macho, mwanangu. Sikukushukuru. Nilisema, "Haya, nakwenda kupika."

Ulichora asumini tatu. Ulitaka tano. Rangi nyeupe ikakwisha.

Sasa nafika.

Unakumbuka shangazi yenu Bi Siti alikuwa amekuja kutoka Kisiwa Panza kunisaidia kuuguza. Simlaumu, nakuomba na wewe usimlaumu. Raya alikuwa na siku mbili analia usingizini na kusema maneno yasiyoeleweka. Bi Siti akanivuta jikoni.

"Wifi, weye umezaliwa wapi? Mgonjwa analazwa dirisha wazi, asumini kichwani, na mti wenyewe uko palepale?"

"Ni maua tu, wifi. Anayapenda."

"Si yeye peke yake anayeyapenda. Wale nao wanaipenda harufu hiyo. Wanakuja kunusa, na wakimkuta mtu hana nguvu wanakaa."

"Wakikaa?"

"Usiniulize, Mize. Tazama mwanao."

Wewe ungecheka. Wewe ulishawahi kuniambia, "Mama, majini hawana kazi?" Lakini mimi tangu usichana nilifundishwa kuvua kikuba nywelani kila nikipita penye mkuyu mkubwa mchana wa jua kali. Sikufundishwa mara moja, nilifundishwa kila siku, na bibi aliyenifundisha alinipenda. Na dawa za hospitali tulikuwa tumezimaliza zote na mtoto wangu alikuwa anapungua mbele ya macho yangu. Mtu angeniambia kuna jambo moja, hata moja tu, ambalo mikono yangu ingeweza kulifanya, ningelifanya. Bi Siti akaniambia: mti ukatwe.

Asubuhi ile uliyokwenda Chake kutafuta rangi nyeupe, nilikusindikiza mpaka kwenye ugo wa makuti unaoizunguka nyumba. Uliufunga mlango wake, mbuzi wasiingie. Uliufunga kwa kamba, ukaizungusha mara mbili, ukavuta fundo. Nilisimama nawe. Niliona kwa macho haya. Narudia, na nitarudia tena hata nikichoka: mlango uliufunga, Kombo. Hukuuacha wazi.

Ulipotoweka machoni pangu njiani nilichukua panga. Niliukata mwasumini wa baba yenu kuanzia tawi la dirishani mpaka shinani. Kisha nikachemsha maji nikayamwaga kwenye shina ili usichipue. Matawi nikayaburura nyuma ya choo. Machache nikayatupia juu ya shina kuficha mkato, nikayakanyagakanyaga. Na kwa kuwa nilijua utauliza, nilitoka njiani nikaokota mavi ya mbuzi kwa jani la mgomba nikayatawanya chini ya dirisha. Mimi mama yako. Niliyekupiga ulipokuwa na miaka sita kwa kusema uongo wa embe moja.

Nilitaka Raya apone na wewe usijue nilichokifanya. Nilitaka yote mawili.

Ulirudi baada ya Alasiri. Tyubu ya rangi ilikuwa mfukoni mwa shati, kichwa chake kimechungulia nje. Ulisimama ukatazama palipokuwa na mti, ukatazama mavi chini. Kisha ukanigeukia, uso wako umebadilika kabisa.

"Mama, mlango niliufunga?"

Nikasema, "Sijui, mwanangu."

Mti niliukata kwa woga, na woga ule ninaweza kukutana nao mbele ya Mola wangu nikamwambia, nilikuwa naogopa, nilikuwa mama. Lakini lile neno "sijui" sikulisema kwa ajili ya Raya. Nililisema kwa ajili yangu. Nilikuona unalichukua. Nilikuona unaliweka ndani. Ukasema taratibu, "Basi sikuufunga," na mimi nikaingia jikoni.

Ukaenda kwa Mzee Faki, jirani yetu wa miaka yote. Nilisikia kila kitu kutoka hapa.

"Mbuzi zako zimekula maua ya mgonjwa!"

"Yakhe, mbuzi wangu wana kamba tangu asubuhi. Njoo uwatazame meno, kama una elimu ya meno."

"Unanifanyia mzaha? Dada yangu anakufa!"

"Najua, mwanangu. Ndio maana nazungumza nawe taratibu."

Ukamwambia neno ambalo sitaliandika. Mtu aliyekuwa akikubeba mabegani kwenda madrasa. Nami nilikuwa nimeshika mwiko, ningeweza kutoka. Ni hatua ishirini. Sikutoka.

Jioni ile nilikaa na Raya. Uso wake ulikuwa dirishani, palipokuwa na jani sasa pana mwanga mtupu. Akaniita.

"Mama. Mbuzi gani yule anayesema bismillahi?"

Ni desturi yangu, unaijua, sishiki panga bila bismillahi, na kila pigo nalitaja jina la Mungu. Alikuwa macho. Alikuwa amesikia yote, tangu pigo la kwanza. Akautoa mkono wake chini ya shuka akanishika kidole, kimoja tu, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo tukienda sokoni.

"Mie sisemi," akaniambia. "Lakini mwambie Kombo mwenyewe. Asije akajitia lawamani yeye."

"Nitamwambia ukipona."

"Na nisipopona?"

"Utapona."

"Mama, nisipopona?"

Nikasema nitamwambia. Nilimuahidi. Siku ya nne akafariki, kabla ya Adhuhuri, na ubao wako umeegemezwa kwenye kiti mbele yake. Alitaka uwekwe hapo. Asumini tatu, na pembeni yake pale penye nafasi ya mbili, plaiwudi nyeupe.

Siku ile nilisema nitakwambia baada ya hitima. Baada ya hitima nikasema baada ya arubaini. Arubaini ikapita. Nikasema mwezi wa Ramadhani mtu hawezi kusema uongo, nitasema tu. Mtu anaweza, Kombo.

Na wewe nimekuona. Usidhani sikuona. Brashi ulizigawa kwa watoto wa shule. Ile tyubu hukuifungua. Hata kibao cha duka hujaandika tangu hapo. Watu wanakuja kukuuliza unawaambia mkono unauma. Kila ukitoka nakuona unafika njiani kisha unarudi, unaushika mlango wa ugo, unautikisa, unaondoka, unarudi tena. Mara tatu. Siku ya mvua kubwa ulirudi mara nne. Mimi nimesimama dirishani na maji ya kuoshea vyombo yanapoa mikononi mwangu, nakutazama. Na wiki iliyopita ulipoamua kwenda Tanga kufanya kazi ya madirisha ya aluminiamu, ukasema, "Nyumba ya mjomba ni ya ghorofa, mama. Haina ugo." Ukacheka kidogo. Nilitoka nje nikashika ukuta.

Ndipo nilipojua huendi kazini. Unaukimbia mlango ambao uliufunga.

Mzee Faki alijua. Nakwambia ili ujue ni mtu wa namna gani uliyemnyima mkono makaburini, siku aliyoshuka mwenyewe kwenye kaburi la nduguyo kumpokea. Wiki ya pili ya msiba nilimkuta kisimani. Akaniwekea ndoo yangu kwanza, akasema bila kunitazama, "Bi Mize, mbuzi wangu hana panga. Ule mti umekatwa mshazari."

"Uliona lini?"

"Siku ileile."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Kijana ana msiba. Mimi nina mbuzi tu."

Miezi minane amepita mbele ya nyumba hii, anakusalimia, na wewe unageuza uso, naye hajasema. Leo asubuhi ulipokuwa umelala nilikwenda kwake. Nilimwambia mbele ya mkewe, sikumficha hata yale mavi ya njiani. Mkewe akaanza kulia. Yeye akasema, "Haya, kwangu limekwisha. Limebaki kwa mwenyewe." Ndiyo maana nimekaa na kalamu.

Sina mawaidha ya kukupa. Mtu kama mimi atakupa mawaidha gani? Najua tu kuwa na wewe siku moja utakuwa na mtoto, atakuwa na homa, na utaogopa woga ambao hukuwahi kuudhania. Mtu atakuja kukunong'oneza jikoni. Huenda ukafanya jambo la kijinga. Ukishalifanya, toka jikoni. Toka saa ileile, na panga mkononi, na mikono inanuka, useme ni mimi. Itakuwa aibu ya siku moja. Mimi niliikimbia siku moja nikaishi nayo siku zote hizi, na mbaya zaidi nikakupa wewe uishi nayo.

Nahesabu kila siku: ulikuwa umebakisha siku mbili za kuchora, na Raya alikuwa amebakiwa na siku nne. Ungemaliza. Angeziona tano. Hilo ndilo nililomnyang'anya, na kwa hilo hakuna wa kumuomba radhi, maana mwenyewe ameshaondoka na aliniacha na neno moja tu la kutimiza. Mti hautachipua. Nimeutazama kila asubuhi, na maji yangu yalikuwa ya moto kweli.

Ubao wako uko chini ya kitanda changu, nimeuzungushia khanga ya Raya. Sikuombi uumalize. Wala sikuombi ukanunue brashi Tanga ili moyo wangu utulie, usinichoree mimi. Lakini kama iko siku utakaa mbele ya ua lililo hai na mkono ukakataa kwa sababu ya mlango, basi mkono ujue. Mlango ulifungwa. Kamba mizunguko miwili, na fundo.

Nilikuwa nimeshapanga namna ya kukupa barua hii. Nilitaka kuitia ndani ya begi, kati ya mashati, uikute ukishafika Tanga, bahari iko katikati yetu na mimi siuoni uso wako. Nimeikunja mara moja kwa ajili hiyo. Nimeikunjua. Huo ungekuwa ujanja uleule wa siku ile.

Kwa hiyo nitakupa mkononi utakapoingia, na nitakaa hapa hapa kwenye mkeka mpaka uimalize. Ukitaka kunipigia kelele, nipigie, nitakuwa nimekaa. Ukitaka kwenda kulala kwa Mzee Faki, au kwa rafiki yako yeyote, nguo zako za safari ziko juu ya kiti, nimezipiga pasi. Ukitaka kuondoka kesho bila kuniaga, sitakufuata bandarini kukuaibisha mbele za watu. Naogopa, Kombo. Naogopa kuliko siku ile ya panga. Lakini afadhali uende huku unanichukia mimi, kuliko uende unajichukia wewe.

Huko uendako sitakuomba unipigie simu wala unitumie kitu. Moyo wako ukishapoa, hata ikichukua miaka, siku unaswali na unawaombea waliotangulia, ukimaliza jina la baba yako na la Raya, nami uniweke hapo nyuma yao.

Unikumbuke, mwanangu.

Mama yako,
Mize